Kurasa Tatu za Mwalimu Elia

Kijiwe chenyewe ni benchi moja la mbao za makasha ya bandarini, nje ya banda la fundi baiskeli mjini Mtwara. Ukikosa nafasi, unakalia tairi. Bakari muuza kahawa hutua birika lake hapo saa tisa alasiri, na kuanzia dakika hiyo hakuna jambo la dunia hii linalokosa mtaalamu. Siku moja ya mwaka 1971 wa kwanza kufika alikuwa Mwalimu Elia, mtu wa Njombe, ambaye kijiwe kilimwita Profesa, nusu kwa heshima na nusu kwa kumcheka. Mkononi alikuwa na barua ya Bwana Utamaduni wa wilaya, na uso ulikuwa umemshuka kabisa.

Kazi aliyopewa ilikuwa ndogo tu. Wiki iliyopita alitumwa Nanyamba kwenye mashindano ya ngoma, aandike ripoti, ili kundi lililoshinda lipelekwe Dar es Salaam kwenye sherehe za Sabasaba. Lori linaondoka leo. Majaji na mtangazaji wa matokeo walitoka Lindi, na jioni ile ile wakarudi kwao. Elia aliandika kurasa tatu, akazisoma mara nne kwa jinsi alivyozipenda, akazituma. Leo zimerudi.

— Hebu soma hiyo barua, alisema Abdallah, aliyeitwa Redio kwa sababu alikuwa nayo na hakutaka mtu asahau.

Elia akasoma kwa sauti ya mgonjwa:

— "Uliombwa ripoti, umeleta uhakiki. Andika upya. Nisipopata ripoti kufikia saa kumi, lori litachukua ngoma ya wilaya nyingine."

— Hapo amekutukana? aliuliza Hassani Teli, karani mstaafu wa bandarini, aliyehesabu magunia ya korosho miaka ishirini hata sasa ukimsalimia anakuhesabu.

— Sijui, mzee wangu. Ndiyo maana nimekuja kwenu.

Alikuwa amekuja pabaya, lakini saa ilikuwa tisa na robo na hakuwa na pengine pa kwenda.

— Mbona rahisi! alisema Redio. Ripoti inasomwa na mtu asiyecheka. Uhakiki unasomwa na mtu anayekohoa kwanza.

— Toka hapa! Ripoti ni kuhesabu, alisema Teli. Magunia mia, kumi yameloa. Nukta. Ukianza kusema gunia hili lina huzuni, hiyo si ripoti tena.

— Na kama kweli lina huzuni?

— Basi kalihuzunikie nyumbani kwako, Profesa.

Elia angelishika neno hilo angepona, maana ndilo lilikuwa lenyewe. Ila Teli akishapata la maana hatulii nalo.

— Tena ripoti haina rangi! Miaka ishirini sijaandika "nyekundu" hata siku moja. Ukiandika rangi, wakubwa wanajua umelewa.

— Wakubwa gani wanasoma? alisema Redio. Dar es Salaam kuna mashine, bwana. Inapima karatasi kama korosho. Ripoti nyepesi, inapita. Uhakiki umejaa maoni, maoni yana uzito, mashine inatema!

— Umeyasikia wapi hayo?

— Redioni.

— Redio ipi? aliuliza Bakari akimjazia kikombe. Hiyo yako isiyo na betri tangu Idi?

Redio akanywa kahawa kwa bidii. Teli akamgeukia Elia:

— Haya, tusomee hicho kilichotemwa.

Uso wa Elia ukachangamka, kama mzazi aliyeombwa picha ya mtoto.

— "Kundi la Kitaya lilicheza sindimba kwa viuno vilivyokuwa tayari na miguu iliyokuwa bado inafikiri."

— Lo! Walikuwa wangapi? aliuliza Teli.

— Walikuwa... wa kutosha. Sikilizeni hii: "Wapiga ngoma wa Nanyamba walipiga kama wanaogonga mlango usio wao. Mwimbishaji wa Msimbati ana koo zuri, lakini wimbo wake ni mrefu kuliko barabara ya Masasi."

Benchi zima likaangua kicheko. Bakari alimwaga kahawa. Elia akaona raha hata barua ikamtoka kichwani.

— Kwa kweli, alisema akivuta kola, nadhani Bwana Utamaduni ndiye hajui kusoma.

— Hodi hapo, ilisema sauti ya kike.

Alikuwa mama wa makamo, kitenge kimefungwa kiunoni kwa safari, ngoma begani.

— Karibu, mama.

— Asanteni, baba zangu. Namtafuta Mwalimu Elia. Mimi Sharifa, mwimbishaji wa Msimbati.

Elia akaikunja karatasi haraka.

— Tumetoka nyumbani jana, mwalimu. Tuko pale posta, tunasubiri lori. Wa Kitaya nao wapo, wa Nanyamba nao wapo, kila mtu na mzigo wake, kila mtu anasema ameshinda yeye. Siku ile jina lilipotajwa watu walipiga vigelegele, hakuna aliyesikia. Wewe ulikaa meza moja na mtangazaji. Alitaja kundi gani?

Redio akaanza kuzungusha vitufe vya redio yake. Elia akafungua ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alikumbuka vizuri dakika ile: mtangazaji amefungua mdomo, na yeye ameinamia karatasi, kalamu inakimbia, moyo umejaa furaha.

— Nimeandika, alisema. Lipo hapa chini.

— Soma basi.

— "Mtangazaji wa matokeo ana sauti ya mbuzi aliyefungiwa chumbani."

— Ehe, alisema Sharifa. Na kwa hiyo sauti ya mbuzi, alisema nini?

Elia akageuza karatasi. Nyuma palikuwa peupe. Aibu ilimpanda toka miguuni. Sharifa akatua ngoma chini polepole.

Saa ya posta ikagonga kumi. Teli akachomoa penseli sikioni, akampa.

— Andika, Profesa. Makundi matatu yamefika. Lililokwenda Dar es Salaam, hakuna. Nukta.

Elia akaandika, na safari hii hakuongeza neno.