Bi. Colette Desrochers Anatuachia Kaunta ya Jibini

Jumamosi ya tarehe 22 Novemba, siku chache kabla ya Sikukuu ya Shukrani, Bi. Colette Desrochers atavua aproni yake baada ya miaka thelathini na mmoja katika Duka la Ushirika la Pike Hollow. Meneja ameniomba mimi, Hester Wynn, ninayerithi kaunta yake ya jibini, niandike maneno machache ya furaha. Furaha ipo. Ila niseme kweli: tangu nikae kuandika nimeshainuka mara kadhaa kwenda kuhakikisha mlango wa friji umefungwa.

Bi. Colette alianza kwa kupanga mboga. Siku hizo jibini letu lilikuwa vipande vya rangi ya chungwa, kila kimoja ndani ya nailoni yake. Yeye, aliyekulia zizini karibu na mpaka wa Kanada, alisema haiwezekani jimbo la Vermont, lenye ng'ombe wote hawa, watu wake wale mpira. Akaanza kutafuta jibini siku zake za mapumziko, kwa gari lake mwenyewe.

Na kutafuta jibini zuri Marekani hii si mchezo. Siku hizi kila pakiti ina picha ya ghala jekundu na maneno "limetengenezwa kwa mkono", hata kama mkono wenyewe ulibonyeza swichi tu. Bi. Colette alikuwa na swali moja kwa kila aliyemletea jibini: "Ng'ombe wako wanaitwa nani?" Mchuuzi mmoja mwenye tai aliomba apige simu makao makuu. Bi. Colette akamvutia kiti, akamwekea kahawa. "Piga tu, mwanangu, sina haraka." Yule bwana alitoka nje kutafuta mtandao, na mpaka leo hajarudi.

Bwana Alden Peaslee, mtengenezaji wa jibini letu maarufu, Bi. Colette alimpata kwa sababu ya matope. Theluji ilikuwa imeyeyuka, barabara imekuwa uji, na gari likazama mbele ya shamba asilolijua. Mwenye shamba, ndiye Peaslee, alilivuta kwa trekta, akamkaribisha jikoni, akamkatia mkate na jibini alilokuwa akiwatengenezea wanawe tu. Bi. Colette alisahau alikokuwa akienda. Ilimchukua miezi kumshawishi auze. "Mimi si muuzaji," Peaslee alikuwa akisema. "Basi niuzie mimi peke yangu," naye akamjibu. Ndiyo maana jibini hilo, ambalo watu huendesha gari kutoka mbali kulifuata kila Sikukuu ya Shukrani, halipatikani popote ila kwetu. Na ndiyo maana sijalala vizuri tangu Bi. Colette aliposema anastaafu. Peaslee akinikataa mimi, tutawaambia nini watu?

Oktoba Bi. Colette alinichukua twende kwa Peaslee kuchagua jibini la sikukuu. Njiani alinionya: "Usiongee sana, Hester. Alden hapendi redio." Tukashuka kwenye chumba cha chini ya ghala, magurudumu ya jibini, yale mabonge ya duara, yamejipanga kwenye mbao, ganda la kila moja limevaa ukungu wa kijivu. Kule kuna desturi. Unachoma gurudumu kwa kichuma cha kuonjea, unatoa kipande chembamba kama kidole, unanusa, unamega ncha, kisha unakirudisha kilichobaki na kuziba tundu kwa kulisugua jibini lenyewe. Mpaka tundu lizibwe, hakuna anayefungua mdomo kusema.

Bi. Colette alimega, akaonja, akanipa. Nikaonja.

Lilikuwa chungu. Si uchungu wa kukomaa, bali ule unaokwama nyuma ya ulimi na kukataa kuondoka. Nikamtazama Bi. Colette, naye alikuwa akisugua tundu kwa kidole gumba, uso umetulia. Huyu ndiye aliyenifundisha kuonja. Nikinyamaza, mji mzima utakula uchungu mezani siku ya shukrani. Nikisema, namvunjia heshima mbele ya mtu aliyemwamini miaka yote, na huenda nisikanyage tena pale. Nilitamani lile tundu lisizibike.

Likazibika. "Hili ndilo," akasema Bi. Colette.

"Ni chungu," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba hata mimi sikuitambua.

Bwana Peaslee akachukua kichuma, akachoma upande mwingine, akaonja, akaegemea ukuta. "Juni ng'ombe walivunja ua wakala magugu," akasema. "Agosti nilionja uchungu. Lakini wewe ulikuja, Colette, ukasema ni zuri. Nikadhani ulimi wangu ndio umezeeka."

Bi. Colette alifuta mikono kwenye suruali yake. "Mpe Hester kichuma, Alden," akasema. "Achague yeye."

Nilichagua gurudumu la Mei, lililotengenezwa kabla ng'ombe hawajala magugu. Njiani kurudi, Bi. Colette alipunguza mwendo tulipovuka daraja.

"Tangu mafua ya Februari," akasema. "Kahawa ni maji ya moto. Jibini ni mafuta na chumvi. Nimekuwa nikichagua kwa kuliminya, na kwa kutazama nyuso zenu mkila."

"Kwa nini hukutuambia, Bi. Colette?"

"Ningewaambia nini? Mimi ndiye pua ya duka." Kisha akacheka, na machozi yakamtoka. "Liandike hilo, ili waache kuniuliza. Sasa wakuulize wewe. Utaona raha yake."

Wenzangu, sasa mnajua. Mnajua pia kwamba tangu Februari hakuna jibini baya lililovuka kaunta yetu isipokuwa moja la mbuzi, ambalo tulilirudisha. Alifanya kazi hiyo bila pua. Nashindwa kuelewa aliwezaje, wala sijui nitafanya nini mimi mwenye pua nzima.

Bi. Colette, asante kwa kila barabara ya matope uliyoipita kwa ajili yetu. Jumamosi tutalikata gurudumu la Mei mbele yako. Sijui kama nilichagua sawa, na wewe huwezi kuniambia. Kuanzia Jumatatu utasimama upande wa pili wa kaunta kama mteja mwingine yeyote, utauliza lipi zuri leo, nami nitakujibu. Itabidi uniamini. Nenda ukapumzike salama, mwalimu wangu, na uje mapema kabla foleni haijawa ndefu.