Chungwa la Glenys

Desley, dereva wa basi la hospitali pale Hobart, Australia, alishazoea kusikia yasiyomhusu, maana abiria wa kiti cha mbele hudhani kisogo hakina masikio.

Leo mama mmoja alipakata kisanduku cha sindano zilizotumika. Mzee mwenye fimbo akakitazama. "MS, dada? Hata mimi ninao ugonjwa huu wa neva, umenidhoofisha miguu. Naona unajichoma dawa bila kukosa."

"Nachoma chungwa. Nesi akihesabu mabomba matupu, yametimia."

Desley nusura apitilize kituo.

"Lile walilotupatia tujifunzie kudunga?" mzee akauliza.

"Lile lile. Nikijichoma, siku nzima mimi ni mgonjwa. Nikilichoma chungwa, mimi ni Glenys tu. Na sijaanguka hata mara moja, mzee, kwa hiyo usinihubirie."

"Nikuhubirie mimi? Mimi nilichoma mlimau wa mke wangu mwaka mzima."

"Kisha?"

"Mlimau uko imara mpaka leo. Hauyumbi hata kidogo." Akaishika fimbo, akainuka kwa awamu tatu.

Basi likasimama hospitali. Desley akafungua mlango, akamsubiri mzee ashuke, kisha akamsubiri Glenys, ambaye alikuwa bado amekaa.