Bi Moza na Hesabu ya Moja kwa Tatu

Tarehe 30 Juni 2025, Bi Moza Mbaruk anastaafu baada ya kufundisha takwimu kwa miaka thelathini na mmoja katika chuo chetu cha biashara, hapa Gerezani, jirani na Kariakoo. Kamati ya sherehe imenipa mimi kazi ya kumsifu, labda kwa sababu meza zetu zimepakana. Hawakujua kwamba muda wote huo nimekuwa nikimwonea wivu.

Wanafunzi wetu wengi ni wafanyabiashara wa Kariakoo. Muuza mitumba akikwambia belo lake ni moja kwa tatu, ana maana kila shati moja zuri linakuja na mabovu matatu. Muulize uwezekano wa kuchomoa zuri, ataandika theluthi bila wasiwasi. Mimi niliwaandikia kanuni ubaoni mpaka chaki ikaisha. Bi Moza alikuja na mashati manne kwenye kikapu, akayapanga mezani, akawauliza lile zuri wamelificha wapi walipokuwa wanahesabu. Wakacheka, wakajumlisha, wakapata robo. Kurudi nako kukawa rahisi: katika manne toa lile moja, yanabaki matatu, basi ni moja kwa tatu. Wanafunzi wangu wakaanza kuchungulia dirishani kwake. Iliniuma sana.

Cheti cha mwalimu bora alikipata mara saba. Mimi mara moja, mwaka ambao yeye alikuwa likizo ya uzazi.

Sasa niseme la mwaka 2012. Nilitunga swali la alama ishirini: mashati ni moja kwa nne, tafuta uwezekano wa kupata zuri. Kwenye mwongozo wa kusahihishia nikaandika robo, kosa lile lile la wauza mitumba. Walioandika moja ya tano nikawakosesha. Ishirini na tatu wakawa wa kurudia mwaka, akiwemo Joyceline, muuza mashati wa Mtaa wa Congo aliyekuwa akisoma huku ananyonyesha. Kwa desturi yetu, karatasi hupitiwa na mwalimu wa pili kabla matokeo hayajabandikwa. Bi Moza alizisahihisha zote upya kwa penseli, akaniletea mezani. "Vitalis, umesahau kujumlisha, baba. Rekebisha tu, yaishe." Nikarekebisha, wakavuka. Yeye hakumwambia mtu.

Wiki iliyofuata idara ilitafuta mkuu. Nilisimama kikaoni nikasema anayefundisha kwa mashati hawezi kuongoza walimu wa hisabati. Alikuwa na la kunijibu, tena la kunimaliza. Akanyamaza, nikapata cheo. Tangu siku hiyo nimemkasirikia, maana hata kwa kunyamaza alinishinda.

Asante, Bi Moza, kwa wote uliowavusha. Tunakuombea afya, asubuhi zisizo na kengele na wajukuu wasiochoka kuja kukuamkia. Kiti cha mkuu wa idara kilikuwa chako, na nilijua hivyo siku nilipokikalia.

Vitalis Kapinga