Kombe Limeenda Muleba

Jumatatu ile mvua ilianza kabla ya adhana ya alfajiri, na haikuonyesha dalili ya kukoma, lakini benchi la barazani kwangu lilijaa mapema kuliko siku yoyote. Mimi ni fundi cherehani. Baraza langu linatazama barabara ya sokoni, na kwa kuwa Mzee Zahoro huweka hapo dele lake la kahawa na kikapu cha akamwani, zile buni kavu za kutafuna, watu wamepafanya bunge lao. Siku hiyo hakuna aliyesalimia. Mtu anafika, anakung'uta maji, anakaa, anatikisa kichwa. Ungedhani tumefiwa. Jana yake pale Kaitaba, Mwangaza, timu ya mji wetu wa Bukoba, iliyohitaji sare tu, ilifungwa bao moja kwa bila na Jitegemee ya Muleba. Kombe la ligi ya mkoa, ambalo tangu Uhuru halijawahi kutoka mjini, lililala kwenye darasa la shule pamoja na wageni, likingoja lori la kijiji lije kuwachukua.

Wa kwanza kufungua mdomo alikuwa Mustapha, tunayemwita Redio kwa sababu ukishamwasha hazimiki.

— Jamani, nimeamka nikamuuliza mke wangu: Mariamu, ni kweli au nimeota?

— Akasemaje? nikamuuliza.

— Akasema ni kweli, na tena niache kulia, naamsha watoto.

Hakuna aliyecheka. Mzee Zahoro alimimina kahawa akampa, na leo hata yeye mkono ulikuwa mzito.

— Muleba, alisema Redio, kama mtu anayetaja ugonjwa. Muleba! Watu wa kuja mjini kununua chumvi na kurudi!

— Ndiyo hayo, alidakia Apolinary. Huyu alipata kufundisha shule ya misheni, na kwa kila jambo ana methali. Ndiyo maana jina lake kijiweni ni Methali. Akaendelea: Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mgeni kaja, mwenyeji kafa!

— Methali, hiyo siyo maana yake.

— Maana ninaijua, Fundi. Ila jana imegeuka.

Kashaija alikohoa. Huyu ni balozi wa nyumba kumi na tena katibu wa kamati ya Mwangaza, kwa hiyo akikohoa watu husubiri.

— Ndugu zangu, tuchambue jambo hili kisiasa. Jitegemee wanatoka kijiji cha ujamaa. Asubuhi wanalima shamba la pamoja, jioni wanacheza pamoja. Mpira kwao ni kama jembe, halina mwenyewe, watu hupokezana. Sisi je? Kila mmoja anataka bao liwe lake. Jana Mwangaza mlicheza kibepari!

— Tulicheza, ndugu katibu, Redio alimrekebisha. Usijitoe.

— Tulicheza kibepari.

— Mbona mwaka jana tulicheza hivyo hivyo tukawafunga matano? Mwaka jana ubepari ulikuwa halali?

Kumpinga Kashaija kwa sauti ilikuwa hatari, maana mwaka ule operesheni ya vijiji ilikuwa imepamba moto na balozi alikuwa balozi. Lakini kwa uchungu wa siku ile watu walisahau adabu.

— Siyo ujamaa wala nini, Redio aliendelea. Nina habari za uhakika. Wale wachezaji wanne wa Jitegemee si wa Muleba. Wametoka ng'ambo ya Mto Kagera. Yule mrefu namba tano ni askari kabisa, alikuwa anachezea jeshi la kule, akavuka mto usiku kwa mtumbwi na buti zake shingoni.

— Nani kakwambia?

— Nimesikia.

— Namba tano ni mtoto wa Alistidia, muuza matoke, alisema Mzee Zahoro. Nimemuona tangu anatambaa.

— Basi namba sita!

Methali alitafuna akamwani polepole, akatema ganda.

— Ninyi mnahangaika na miguu, wakati jambo lenyewe liko ardhini. Ukiona vyaelea, vimezama. Ijumaa jioni mtu kaonekana golini Kaitaba, upande wa ziwa. Kachimba. Kafukia kuku mweusi mzima, kichwa kikitazama Muleba. Ndiyo maana mpira ulipofika pale uligeuka kama mtu aliyeitwa jina.

— Mawe, mama wee! alisema Kashaija. Wewe Mkatoliki, Methali! Jana asubuhi ulikuwa misani!

— Na kuku alikuwa golini. Sisemi naamini. Nasema alikuwepo.

Redio aliweka kikombe chini kwa kishindo.

— Sikilizeni. Ujamaa tuache, kuku tuache. Mnajua wote tunazunguka nini, ila mnaona haya. Lile bao mliliona? Ule mpira haukuwa shuti. Ilikuwa salamu! Umekuja polepole, umeinuka, ukashuka. Mama yangu mzazi angeudaka na mtoto mgongoni. Na Datius alifanya nini?

Datius ndiye kipa wetu, kijana wa Kahororo, mbeba magunia bandarini. Mkono wake ni kama koleo. Kwa misimu mingi tulikuwa tukisema, Datius akiwa golini lala usingizi.

— Aliinua mkono mmoja, nikasema, maana nami nililiona.

— Mmoja! Redio alisimama. Wa kushoto. Wa kulia kaushusha ubavuni kama anasubiri kutiwa kitu mkononi. Kipa gani anadaka kwa mkono mmoja mpira wa ubingwa? Na kipindi cha pili chote, kumbukeni, kila mpira ulipokuja alikuwa anaupiga teke. Hakudaka hata mmoja! Mechi imeuzwa, jamani. Datius katuuza.

— Kikulacho ki nguoni mwako, alisema Methali, na safari hii hakuna aliyeweza kumwambia kakosea maana.

Nilikumbuka jinsi Datius alivyotoka uwanjani ameinamisha kichwa, hakuwapa wenzake mkono, akapita katikati ya watu huku anazomewa. Redio mwenyewe alimfuata barabarani akimwita msaliti mpaka sauti ikakauka, na Datius hakugeuka.

— Mwenye haki angejibu, alisema Redio.

Kashaija alivua miwani akaifuta.

— Kamati inakaa leo saa kumi. Tumfukuze. Na si katika timu peke yake. Nitapeleka jina lake kwenye tawi. Anayehujumu timu ya umma anahujumu umma. Bandarini nako wajue wanamwajiri mtu wa namba gani.

— Namna gani, nilimrekebisha, lakini sauti yangu ilikuwa ndogo.

— Polepole, ndugu balozi, alisema Mzee Zahoro. Kijana ana mke.

— Angemfikiria mkewe jana.

Na sisi wengine tulikubali. Nasema tulikubali, kwa sababu hakuna aliyekataa. Lilikuwa jambo la kushtusha, lakini mshtuko ukipata jina la mtu unapungua, na sote tulianza kupumua vizuri.

Hapo ndipo kijana mmoja alipoingia barazani akikimbia mvua, amejifunika gunia kichwani. Mwembamba, miguu ina matope hadi magotini.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, tuliitikia bila kumtazama. Mzee Zahoro akampa kahawa kama anavyompa kila mtu. Kijana alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akapiga funda moja, akakaa anakizungusha.

— Samahanini, waitu, jamaa zangu, alisema. Naona ninyi ni watu wa Mwangaza. Nilitaka kuuliza tu. Yule kipa wenu, mkono wake unaendeleaje?

Tulitazamana.

— Mkono gani? aliuliza Redio.

— Wa kulia. Ule uliovunjika.

Nilisikia maji ya mvua yakianguka kwenye pipa pembeni ya ukuta. Redio alibaki mdomo wazi, redio imezimika.

— Wewe ni nani? aliuliza Kashaija.

Kijana alishusha gunia kichwani.

— Naitwa Ildefons. Nacheza winga ya kushoto Jitegemee. Mimi ndiye niliyefunga.

Siku nyingine angetupwa mvuani na kikombe chake. Siku hiyo hakuna aliyejongea.

— Kabla ya mapumziko, aliendelea, ilipigwa kona. Tuliruka wote wawili, tukaanguka, nikamwangukia mkono. Nilisikia ka! kama kuni kavu. Nikamwambia, kaka, nimekuvunja, ngoja nimwite refa. Akanishika shati kwa mkono ule mzima, akasema, nyamaza, usimwambie mtu. Nikanyamaza. Lakini jana usiku sikulala. Wenzangu wanaimba na kombe, mimi nasikia ule mlio. Asubuhi nikasema nije mjini niulize. Nimeuliza sokoni, wananitukana. Ninyi mnaendeleaje naye? Amepelekwa hospitali?

Alitutazama mmoja mmoja. Sisi tulimjua Datius tangu mtoto, tulikunywa naye kahawa kwenye benchi lile lile. Tulijua habari za kuku, za ng'ambo ya mto. Kama Datius alikuwa hospitali, au nyumbani, au amelala wapi, hatukujua.

Methali alifungua mdomo kutafuta methali. Akaufunga.

— Twendeni, alisema Mzee Zahoro, na akafunika dele lake kwa kitambaa.

Tulikwenda Kahororo katika mvua ile, mimi nimefunga cherehani asubuhi ya Jumatatu, Kashaija akisukuma baiskeli yake, Ildefons nyuma yetu na gunia lake.

Nyumba ya Datius iko katikati ya migomba, mlango ulikuwa wazi. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mkono wa kulia umefungwa vipande vya mti kwa kamba za mgomba, vidole vimevimba na kuwa vyeusi. Mkewe, Jovita, alikuwa pembeni ya moto. Alipotuona tumejaa mlangoni alisimama mbele ya mumewe.

Datius alituangalia, akamwona Kashaija.

— Mmefuata jezi? alisema. Jovita ameshaifua. Ila kwa mvua hii haijakauka.

Kashaija akavua miwani tena, akaifuta matone ya mvua.

— Datius, nikasema mimi, kwa nini hukusema?

— Nimwambie nani? Josia, kipa wa akiba, mlimwona. Alikuwa na homa, anatetemeka kwenye benchi amefunikwa koti la refa. Ningetoka, angeingia nani? Nikasema kimebaki kipindi kimoja tu, sare inatutosha. Nitawapiga teke tu.

— Na hospitali? aliuliza Mzee Zahoro. Tangu jana, mwanangu!

Alijibu Jovita.

— Hospitali ni mpaka apite mjini, baba. Mlitaka apite wapi?

Sijawahi kusikia swali likishuka vile. Redio alitoka nje akasimama kwenye mvua akitazama migomba. Aliporudi alipiga goti mbele ya Datius, mtu mzima na ndevu zake, akamshika mguu kwa sababu mkono hakuweza kumshika.

— Nilikuita msaliti barabarani.

— Nilikusikia, alisema Datius. Mji mzima ulikusikia.

— Nisamehe.

Datius aliuegemeza kifuani mkono uliovunjika.

— Nimechoka, Mustapha. Nipelekeni hospitali kwanza.

Tulimpakia kwenye baiskeli ya Kashaija, Jovita akamfunika kwa kanga. Balozi alishika usukani, na Ildefons akasukuma nyuma, kwa kuwa alikataa kabisa kupokewa. Tulipita katikati ya mji mchana kweupe. Watu walitoka madukani. Mmoja akaanza kuzomea; Redio alimwendea, akamsogelea uso kwa uso, akamweleza jambo kwa sauti ya chini, na yule mtu akavua kofia. Kuanzia hapo Redio alitangulia mbele, nyumba kwa nyumba, akiwaeleza watu kabla hatujawafikia.

Kwenye mwinuko wa kuelekea hospitali tulisimama kupumzika. Datius aligeuza kichwa akamtazama yule kijana wa Muleba aliyekuwa akihema nyuma yake.

— Wewe ndiye winga.

— Ndiye mimi, kaka.

— Nikuulize kitu. Lile shuti lako, nililisoma vibaya. Nilidhani utapiga nguzo ya karibu. Ulikusudia juu vile?

Ildefons alitazama chini, akafuta matope kwenye paji la uso.

— Lile halikuwa shuti, kaka. Nilikuwa nampasia mwenzangu. Niliteleza.

Datius alianza kucheka, kwanza puani, halafu kifua kizima, machozi yanamtoka, huku ameukumbatia ule mkono na Jovita anamshika asianguke.

— Jamani, msinichekeshe, alisema. Sukumeni, sukumeni, unauma.