Askari wa Udongo Asiye na Uso

Ndugu zangu, Bwana asifiwe, hata na mtu mwenye hasira. Mmezoea shuhuda za watu waliokwisha kutulia. Mimi, Namsifu wa hapa hapa Mhezi, nimesimama kushuhudia nikiwa bado nawaka, na naomba msiningoje nipoe.

Kaka yangu Eliakimu alikuwa askari. Alikwenda kulinda amani nchi ya watu, akarudi ndani ya jeneza lililofunikwa bendera, pamoja na agizo kwamba lisifunguliwe. Mama aliomba auone hata mkono tu. Walimjibu kwa heshima kubwa kwamba haiwezekani. Tukamzika mtu ambaye hatukumwona.

Nina shahada ya mipango, ndugu zangu, lakini kichwa changu hakipangi kitu. Kinarudia tu. Mtu akiniambia neno Jumatatu, Ijumaa bado naligeuza. Safari hii neno lililonitesa lilikuwa langu mwenyewe, kwa sababu fomu ya Eliakimu ya kuomba jeshi niliijaza mimi. Mwandiko wake ulikuwa mbaya. Aliniletea nikiwa likizo, akasema, "Dada, andika wewe, waone kwetu tumesoma." Palikuwa na nafasi ya kueleza kwa nini anataka kulitumikia taifa. Nikatunga sentensi tatu nzuri. Alizisoma akacheka: "Kumbe mimi ni shujaa kiasi hiki!"

Baada ya maziko sentensi zile zilinitafuna. Ningeandika hovyo, wangemkataa. Wangemkataa, angekuwa hapa analima tangawizi na kulalamikia mvua kama wenzake. Sikumwambia mtu yeyote. Nilikasirika na jeshi, nikakasirika na Mungu, nikakasirika na kalamu.

Shangazi yangu Nietiwe ni mfinyanzi. Mnajua desturi yetu: shimo la udongo ni la wanawake, mwanamume hakanyagi. Alinichukua kwenda kuchimba naye ili niache kukaa ndani. Nilipofika nyumbani na donge langu, mikono ilifinyanga askari mdogo, urefu wa kiganja, amesimama wima. Shangazi hakuuliza. Alinionyesha tu jinsi ya kuacha uwazi ndani ili asipasuke motoni, kisha akamchoma pamoja na vyungu vyake.

Kupaka rangi nilijifunza mwenyewe. Rangi ya mafuta nilipewa na fundi wa vibao pale Same mjini, mabaki ya makopo. Brashi ilikuwa ya rangi ya kucha, nimeipunguza nywele kwa wembe. Kwanza unapaka nyeupe mwili mzima, unaacha ikauke kutwa, halafu unapaka magwanda, viatu, bereti ya bluu. Vifungo unaviweka kwa ncha ya sindano. Ukipumua vibaya unaharibu.

Habari zikasambaa, wafiwa wengine wakaja kuomba niwafinyangie wao. Baba mmoja alitoka Vudee na picha ya mwanawe. Mama mmoja akapanda mlima kutoka kijiji cha Bendera na picha ya wa kwake imefungwa kwenye nailoni. Aliniambia, "Mwanangu, hapa juu ya jicho ana kovu, alianguka na baiskeli. Usije ukanisahaulia kovu." Nililiweka. Alipokuja kumchukua alimgeuza huku na huku, akasema, "Ndiye. Hata mabega anavyoyaweka, mjeuri," akambeba mkononi kama kifaranga.

Lakini uso wa Eliakimu ulinishinda. Kila nilipoupaka niliona sentensi zangu tatu, nikaufuta kwa tina ya kuyeyushia rangi. Akabaki na magwanda kamili, bereti kamili, na uso mweupe mtupu. Nikamweka mezani hivyo hivyo.

Sasa sikieni kosa langu. Tangu msiba mama alikuwa hali kitu. Siku moja mchana nikamwona anapakua makande, anaweka kisahani mbele ya yule askari, anazungumza naye kwa Chasu, lugha yetu. Kesho yake tena. Kichwa changu kikaanza. Nikakumbuka habari za mpungi, msitu wa ukoo ambamo mababu zetu walihifadhi mafuvu ya wakubwa wao na kuyapelekea pombe na chakula. Nikasema, mama anatambika, na mzimu nimemfinyangia mimi. Ningemuuliza tu! Mita tatu kutoka nilipokuwa. Badala yake nilikwenda kwa Mzee Kajiru, mzee wa kanisa letu, nikamweleza kwa siri ili tumwombee.

Ibada iliyofuata alisimama hapa hapa nilipo, akatangaza kwamba mpungi umerudi Mhezi, na umerudi kwa mlango wa msomi. Mama alikuwa amekaa benchi la pili. Watu wakageuka kumtazama. Ndugu zangu, wengine wenu mligeuka.

Mchana uleule Mzee Kajiru alifika kwetu na wenzake wawili. Hata shikamoo yangu hakuiitikia.

"Lete hilo sanamu tulichome."

Mama alikuwa jikoni. "Limekwishachomwa," alisema. "Ni udongo, mzee. Muulize wifi yangu."

Mzee Kajiru alimchukua Eliakimu mezani, akamtupa motoni, chini ya chungu cha makande. Rangi ikatoa moshi mweusi. Mimi, mwenye shahada, nilisimama pale nikiwaza neno gani lingefaa.

Mama hakuwaza. Alimvuta kwa kijiti cha moto, akamwagia maji, akamwinua, mweusi tii, mzima.

"Nyumbani kwako ukutani iko picha ya marehemu baba yako," alimwambia Mzee Kajiru, "na kila Krismasi unaivika maua. Niliwahi kukuletea wazee waichome? Mimi siabudu udongo. Chakula kilikuwa hakishuki nikila peke yangu. Nampakulia mwanangu, tunaongea, halafu sahani yake naila mimi. Hayo ndiyo matambiko yangu. Sasa ondoka, makande yangu yataungua."

Wakaondoka bila kuaga. Nikapiga magoti palepale kwenye majivu. Nikasema, "Mama, aliyemwambia ni mimi."

"Nilijua. Nani mwingine anakula kwangu?"

Basi nikayatoa na yale mengine: fomu, sentensi tatu, kila kitu. Nilisubiri anilaani. Mama aliendelea kupangusa masizi kwa kanga yake.

"Wewe uliandika," alisema. "Mimi nilimbariki. Yeye alitia sahihi kwa mkono wake, akaipeleka mwenyewe, anaimba. Unataka kifo cha mwanangu kiwe chako peke yako? Huo ni ubinafsi, Namsifu. Mpake rangi. Na safari hii mtie uso."

Ndugu zangu, mimi niliombewa mara nyingi, na Bwana akachagua kunifungua kwa kukaripiwa jikoni. Nililia mpaka nikasikia njaa. Siku mbili baadaye nilikaa dirishani nikaupaka uso wote kwa mkao mmoja, sikufuta hata mara moja. Nilimpaka anacheka, na pengo lake. Askari kwenye gwaride hachekwi wala hacheki, najua. Huyu anacheka.

Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye gereza ambalo funguo nilikuwa nazo mwenyewe. Hasira hakuiondoa. Aliniachia ili nisimame leo niseme: mama yangu alidhalilishwa ndani ya nyumba hii, na hakuna aliyemwomba radhi. Wewe unayebeba kifo cha mtu kama kosa lako, mweleze Mungu, halafu mweleze na aliye karibu nawe, kabla hujakwenda kunong'ona kwa mwingine kama mimi. Hawatakutupa.

Na wewe Mzee Kajiru, nakuona hapo benchi la tatu. Shikamoo. Eliakimu yuko mezani kwetu. Njoo mchana, chungu kikiwa kimeiva. Mama amesema sahani ya pili ipo.