Ruta Mpya ya Bi Fetu

Basi la Apia lilishajaa, hivyo Bi Fetu aliketi, kama ilivyo desturi ya kisiwa hicho, mapajani mwa mama asiyemjua, kapakata boksi lake.

"Kitendawili, mwanangu."

"Tega."

"Ana masikio manne, hana kichwa."

"Sijui, Bibi."

"Ruta ya Wi-Fi, hii humu boksini, masikio ni antena zake. Ile ya kampuni naing'oa. Leo mjukuu wangu anabatizwa Auckland, nitamtazama kwa video, na juzi picha iliganda, mchungaji mdomo wazi."

"Hiyo ya kampuni umeiweka wapi?"

"Kabatini, nimeifunika mkeka wa heshima."

"Umeiziba pumzi, kisha unailaumu. Ondoa mkeka tu."

"Kwangu kitu hakikai uchi."

Wakabishana hadi basi liliposimama. Bi Fetu alishuka. Yule mama naye akashuka, ingawa kwake kulikuwa bado mbali, akampokea boksi. "Twende, Bibi, mtoto asibatizwe bila sisi."