Fundi Vioo na Doa Lililokataa Kutoka Ukutani

Miaka thelathini na moja na miezi minne. Ndiyo muda Fundi Vioo aliokaa kwenye maabara yetu ya leza, na Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, anastaafu. Karani wa jarida letu la kazini, anayeniandikia haya, kaniambia nianze hivyo, nimeanza. Mimi nilikuwa mfagiaji hapo. Nilimtangulia kuingia nikamtangulia kutoka, kwa hiyo namjua kuliko hao wanaomwandalia keki.

Alikuja mwembamba kama mpini wa fagio, na anaondoka vilevile. Viatu vyake aliviacha mlangoni, akafanya kazi na ndala za mkewe, zenye maua, kisigino kinaning'inia nje. Mkuu wa maabara alimkataza mara tatu. Mara ya nne akajifanya hazioni.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mwanga wa zile leza ndogo unatoka umebanwa kama punje ya mchele, na wateja wanautaka duara. Basi unapitishwa kwenye vioo viwili vya pembetatu, wenyewe wanaviita prizimu. Shida ni kwamba kila unapopita uso wa kioo, kiasi kinarushwa pembeni, kinapotea. Fundi Vioo alichukia mwanga kupotea jinsi mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, alivyochukia mtu kumwaga maji. Yule mama siku moja... haya, tuache, karani ananitazama.

Mwaka wake wa kumi na mbili ilitengenezwa mashine ya kupimia macho, hospitali inaisubiri Jumatatu. Mwanga ulitoka duara zuri tu, lakini katika sehemu mia za mwanga, thelathini hazifiki. Wahandisi wakatafuta mchawi, wakanipata mimi: eti nimepangusa prizimu kwa kitambaa cha madirisha. Sikuzigusa hata kwa ukucha. Barua ya kunifukuza ikachapwa, ikabaki sahihi tu, na nyumbani wajukuu watatu wananitegemea mimi.

Wenzake wakawa wanasafisha vioo, wanapuliza, wanasafisha tena. Yeye akaja kwenye stoo yangu, akafunika ndoo, akaikalia.

"Shangazi, wiki hii umeona kitu gani kipya mle ndani?"

Nikamwambia sijaona kitu, ila kuna kidoa chekundu ukutani nyuma ya kabati. Nimekisugua siku tatu kwa sabuni ya unga hakitoki, tena kina dharau, nikipeleka kitambaa, kidoa kinanipanda mkononi.

Alicheka mpaka ndala moja ikamtoka.

Kumbe nilikuwa nasugua zile thelathini zao, mwanga uliorushwa pembeni ukaangukia ukutani. Wahandisi walipata duara kwa kuukondesha mwanga upande mnene, na kwa njia hiyo unafika kwenye kioo umekaa vibaya, kioo kinaurusha. Fundi Vioo akazigeuza prizimu, akaunenepesha upande mwembamba, akaziinamisha kwa pembe aliyoijua yeye. Duara lilelile, ila katika mia zikapotea tatu tu. Mimi nikaenda moja kwa moja nyuma ya kabati. Ukuta safi, kama nimeusafisha mimi.

Mkuu wa maabara akaichana barua mbele yangu. Mhandisi aliyenisema akaniletea sabuni ya unga pakiti mbili, na mimi sikumwambia nimesamehe mpaka pakiti zikaisha.

Tangu siku ile Fundi Vioo aliweka sheria, na bado ipo: mwanga ukipungua, kabla mtu hajagusa kioo, aitwe mfagiaji aulizwe madoa. Mfagiaji wa sasa ameshaokoa mashine mbili, na anajiona.

Fundi, asante kwa kuja kukaa juu ya ndoo yangu siku ambayo wengine walipita mlangoni wakiangalia pembeni. Kapumzike vizuri, ule, ulale, na ufanye kama ulivyotufundisha: nenepesha upande mwembamba. Kwako wewe ni pande zote. Na hizo ndala, mwanangu, mrudishie mwenyewe.